Parvo ikibisha hodi kwenye ploti

Mbwa mmoja akianza kutapika na kuhara damu, mtenge papo hapo, kisha umpigie daktari wa mifugo. Huenda ni parvo, ugonjwa wa matumbo unaoambukiza mbwa, na kirusi chake hudumu udongoni mwaka mzima au zaidi. Sabuni ya kawaida haikiui. Zoa kinyesi, osha sakafu, ndipo umwagie Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), sehemu 1 kwa maji sehemu 30, uiache dakika 10 kabla ya kusuuza. Walishe wazima kwanza, mgonjwa mwisho, na gambuti za kuingilia kwake zisitoke hapo.

Na tafadhali, kitoto cha mbwa ulichonunua kando ya barabara hapa Nairobi kikae peke yake wiki 2. Chanjo irudiwe kila wiki 3 au 4 hadi kifikishe wiki 16.