Kupima saratani ya utumbo mpana kabla ya dalili: mwongozo kwa watu wa Bukavu

Ukienda labo ya Ibanda, Kadutu au Bagira ukaomba tu "kipimo cha choo", mara nyingi utatafutiwa amibe na minyoo. Hicho hakisemi lolote kuhusu saratani. Unachotaka ni kipimo cha damu isiyoonekana kwa macho: kwenye karatasi ya labo paandikwe *sang occulte*. Uliza pia kama ni cha aina ya *immunologique* au cha gayaki (dawa inayogeuka rangi ikikuta damu), maana matayarisho hayafanani.

Kipimo hiki ni cha mtu asiye na dalili, mwenye miaka 45 hadi 75, kila mwaka. Kama mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja aliugua, anza na miaka 40, au miaka 10 chini ya umri aliogunduliwa nao, ukitazama ule unaotangulia. Aligunduliwa akiwa na 43? Wewe anza na 33, na umwombe daktari kolonoskopi (kutazama utumbo kwa kamera) moja kwa moja. Anayeona damu, anayekonda bila sababu au aliyebadilika choo kwa majuma kadhaa asipoteze muda na kipimo hiki. Aende kwa daktari.

Kwa gayaki, siku 3 kabla acha nyama ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na vitamini C isizidi miligramu 250 kwa siku. Ibuprofeni iache siku 7, lakini aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache bila kumwuliza daktari. Utachukua choo cha mara tatu tofauti. Ile *immunologique* hutambua damu ya binadamu tu: kula kama kawaida, na sampuli moja kwa kawaida inatosha.

Kojoa kwanza, kisha jisaidie juu ya karatasi au beseni kavu. Maji na mkojo huharibu sampuli. Chomeka kijiti sehemu kadhaa za choo, ukirudishe chupani. Usijaze chupa. Peleka siku ileile, kwani joto huvunja hemoglobini (sehemu ya damu inayotafutwa) na jibu hutoka hasi wakati damu ipo. Usipime ukiwa kwenye hedhi au hemoroide (bawasiri) zikitoka damu.

Jibu likiwa hasi, rudia baada ya mwaka. Likiwa chanya, hapo ndipo wengi wanapopotea: wanapewa dawa ya amibe, wanapima tena, jibu linatoka hasi, wanatulia. Ni kweli minyoo na bilharzia huweza kutoa damu. Lakini uvimbe wa utumbo hutoa damu leo, kesho hautoi, kwa hiyo hasi ya pili haifuti chanya ya kwanza. Inatakiwa kolonoskopi: mrija laini wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa, na polipu (kinyama kilichoota ndani ya utumbo) ikionekana mara nyingi hukatwa hapohapo, kabla haijageuka saratani.

Uliza hospitali bei yote ya kolonoskopi, pamoja na dawa ya kusafisha utumbo na uchunguzi wa nyama iliyokatwa. Vidonge vya chuma viache siku 5 hadi 7 kabla. Siku 2 au 3 kabla acha maharage, sombe, mahindi na marakuja. Siku ya mwisho kunywa vitu vyepesi tu: maji, chai bila maziwa, supu iliyochujwa, visivyo vyekundu. Dawa ya kusafisha mara nyingi ni lita 4: 2 jioni, 2 asubuhi, masaa 4 hadi 6 kabla ya kolonoskopi. Utumbo uko tayari ukitoa maji ya manjano yasiyo na vipande. Ukibaki na uchafu, polipu hufichika na kazi yote hurudiwa. Mwenye kisukari au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Na uende na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwa sababu ukipewa dawa ya usingizi hutakiwi kuendesha moto siku hiyo.