Rekodi video fupi kabla ya kumpeleka mtoto kuchunguzwa usonji

Ukihisi kuwa mtoto wako mdogo huenda ana usonji (autism, hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na namna ya kuhusiana na watu), mrekodi video fupi za dakika moja au mbili nyumbani kabla hujamwona daktari, kwa sababu hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha hali hii, na mtaalamu hutegemea kumtazama mtoto pamoja na maelezo ya mzazi. Mrekodi anapoitwa kwa jina akiwa amekupa mgongo, anapotaka kitu kilicho juu ya kabati (je, anakionyesha kwa kidole, au anaushika mkono wako na kuuvuta kukielekea?), na anapozungusha gurudumu la gari la kuchezea kwa muda mrefu bila kuinua macho. Andika tarehe, na hasa maneno aliyokuwa akiyasema kisha yakapotea. Mtoto aliyepoteza maneno asisubiri hata kidogo kumwona daktari. Omba pia apimwe usikivu, maana mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki. Akiwa na miezi 18 tayari anaweza kuchunguzwa, kwa hiyo ukiambiwa kwamba atasema tu, umpe muda, omba kwa heshima barua ya rufaa kwa mtaalamu wa ukuaji wa watoto, na mazoezi ya mawasiliano yaanze hata kabla majibu hayajatoka.