Spika za kuDJia nyumbani: geuza kontrola kwanza, wati baadaye

Swali ninaloulizwa kila mara na wanaoanza kuDJ nyumbani ni "nichukue spika ya wati ngapi?" na mi huwa nawarudishia, chumba chako kikubwa kiasi gani, na umeshageuza kontrola, kile kifaa chako cha kuchanganyia nyimbo, ukaona mgongoni kuna matundu gani? Hayo mawili ndo yanakuchagulia spika, wati acha kwanza. Twende taratibu.

Hatua ya 1, mgongo wa kontrola. Igeuze, tafuta palipoandikwa Master, ndo njia ya sauti inayokwenda kwenye spika. Kontrola nyingi za kuanzia zina RCA tu, yale matundu mawili jekundu na jeupe. Zilizochangamka zinaongeza XLR, lile la duara lenye pini 3, au jaki nene ya milimita 6.35. Piga picha na simu. Usicheke, piga, manake mi nilijiamini nakumbuka, nikabeba spika mpaka nyumbani, nafungua boksi natoa waya wangu wa RCA, hauna pa kuingia, nimekaa chini nazitazama tu usiku mzima. Na ndo zilivyo monita nyingi za studio, zile spika za kusikilizia kazi kwa makini, mfano Yamaha HS5 nyuma ina XLR na jaki nene basi, RCA hamna. Haimaanishi haikufai, unatafuta waya wenye RCA upande mmoja na jaki nene upande wa pili, mambo yanaenda, ila ujue kabla hujalipa.

Kama kontrola na spika zote zina XLR, tumia hiyo. Ule waya unabeba sauti ileile mara mbili, moja ikiwa imepinduliwa, zikifika kwenye spika ile iliyopinduliwa inageuzwa tena na kelele yoyote iliyookotwa njiani inajifuta yenyewe. RCA haina ujanja huo, kwa hiyo usiiache iwe ndefu, mita 2 au 3 inatosha, na usiilaze sambamba na nyaya za umeme.

Hatua ya 2 fupi: chukua spika zenye ampu, yaani kikuza sauti, ndani yake. Unachomeka umeme, unachomeka waya wa sauti, unapiga. Kama nyumbani tayari kuna ampu nzuri na spika zake, tumia hizohizo, hela kanunue nyimbo.

Hatua ya 3, Bluetooth. Hapa watu wengi wananinunia. Kwenye wimbo wa BPM 128, yaani mapigo 128 kwa dakika, kiki, ile ngoma nzito ya chini, inagonga kila baada ya milisekunde 469 hivi, sasa Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti milisekunde 150 mpaka 250, yaani inaweza kufika karibu nusu ya biti! Unabonyeza play kidole kimeshatoka sauti ndo kwanza inavaa viatu. Halafu hedifoni yako imechomekwa kwenye kontrola haicheleweshwi, kwa hiyo ukijaribu kulinganisha wimbo ulio sikioni na ule unaotoka kwenye spika utahangaika mpaka uone huna kipaji, kumbe kipaji unacho, tatizo ni spika. Kuna mtu anajitetea "mbona hata hewa inachelewesha", sawa, ila sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, ukikaa mita moja na nusu kutoka kwenye spika ni milisekunde 4 na ushee, sikio halijali. Spika ikiwa na Bluetooth pamoja na matundu ya waya sio dhambi, sikilizia Bluetooth ukiwa unafua, ukianza kupiga weka waya.

Hatua ya 4 ndo yenyewe, inchi na chumba. Kila mtu anataka wufa, ile koni kubwa ya besi, ya inchi 8. Ni kweli inashuka zaidi, kwa vipimo vya Yamaha wenyewe HS5 ya inchi 5 inafika hertz 54 (mitetemo 54 kwa sekunde, namba ikishuka besi inazama zaidi) na HS8 ya inchi 8 inafika 38, na mshindo wa kiki unakaa mulemule kati ya 50 na 100. Sasa chukua chumba cha mita 3 kwa 3. Wimbi la hertz 57 lina urefu wa mita 6, ina maana nusu yake inaenea ukuta mpaka ukuta kama limepimwa na fundi, linagonga linarudi linajipandia lenyewe, hapo kwenye kiki kabisa. Jaribu leo na spika yoyote uliyonayo: weka wimbo wenye besi ndefu isiyokatika, nenda kona ya chumba, besi imevimba mpaka kero, rudi katikati, unaweza kukuta nusu yake imepotea. Ukileta inchi 8 humo unaongeza uvimbe, sio besi. Chumba cha kulala inchi 5 inakutosha, sebule nenda 6.5 au 8. Sabufa, ile spika ya besi peke yake, usinunue siku moja na spika, zikae kwanza masikio yazizoee. Na zile spika kubwa za sherehe za inchi 12 chukua tu kama kweli unaanza kutoka kupiga nje, ndani kwa sauti ya chini mi zinanichosha haraka.

Wati sasa. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, kipimo cha ukubwa wa sauti, na ili sikio liseme "hii ni mara mbili" unahitaji wati kama mara 10. Kwa hiyo kung'ang'ania 70 badala ya 50 ni ugomvi wa bure. Ukisoma boksi soma namba ya RMS, ndo nguvu inayohimilika muda wote, ile kubwa ya kutisha iliyoandikwa peak, ya kupasuka mara moja tu, iache ipambe boksi.

Kabla ya kulipa nenda na nyimbo zako 3 unazozijua mpaka kikohozi cha mwimbaji, zisikilize kwa sauti ya chini kwanza, kwa sauti ya juu kila spika ni tamu. Halafu simamisha muziki, sogeza sikio kwenye twita, ile koni ndogo ya sauti nyembamba, usikie inafuka mvumo kiasi gani.

Ukifika nyumbani, wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa, twita usawa wa masikio, zisogeze mbali na ukuta kidogo hasa kama tundu la hewa liko nyuma. Kama unatumia santuri usiweke spika meza moja na sindano, mtikisiko utairudia.

Kuwasha, spika zinakuwa za mwisho, kuzima zinakuwa za kwanza, la sivyo utasikia ule mlio wa "tupu!" unaoumiza wufa. Kisha weka Master ya kontrola kwenye kijani, taa nyekundu isiwake, ndo upandishe kitufe cha sauti cha nyuma ya spika polepole mpaka useme hapa panatosha. Piga alama na kalamu. Zangu zina alama mbili, moja ya mchana, moja ya baada ya saa 4 usiku, hiyo ya pili aliichora jirani.