Kipimo cha makopo: fangasi wa mizizi ya pamba hawafanani shamba kwa shamba

Msimu miche ilipokauka kwa mabaka kwenye luseni yangu (shamba la kichanga) hapa Maswa, shemeji aliyelima mbugani, kwenye udongo mweusi mzito, naye alikuwa analia na shamba lake. Sote tulisema "mizizi imeoza". Tulipoilaza miche ya pande zote mbili juu ya turubai moja, nikaona haikufa kwa ugonjwa mmoja.

Anza hapo. Chimbua kwa jembe, usivute kwa mkono, kwa sababu mzizi uliooza hukatika ukabaki ardhini, na ndio unaoutaka. Uoshe. Mche mchanga wenye kidonda chekundu-kahawia kilichobonyea usawa wa udongo, mara nyingi ni fangasi aitwaye Rizoktonia, anayependa ubaridi na unyevu. Mmea mkubwa ulionyauka ghafla jua likiwaka, gome la mzizi linabanduka na ndani kuna vidoa vyeusi kama unga wa mkaa: huyo ni fangasi mwingine, Makrofomina. Kisha pasua shina. Ukikuta mistari ya kahawia ndani yake, shuku mnyauko fuzari, unaoletwa na fangasi Fuzari, na utazame kama mizizi ina vinundu vya minyoo fundo (minyoo midogo sana ya udongo inayovimbisha mizizi), maana kwenye kichanga minyoo hiyo huuzidishia mnyauko nguvu.

Lakini jina halitoshi, na hapa ndipo wengi tunapotea. Rizoktonia wana makundi mengi, na nyuzi za kundi moja haziungani na za kundi jingine. Fuzari wa pamba waligawanywa katika aina 8. Aina ya 4, iliyojulikana kwanza India, iligunduliwa California mwaka 2001, nayo huua miche hata pasipo minyoo. Kwa hiyo dawa au mbegu iliyomfaa jirani inaweza isikufae wewe.

Ukali wa fangasi wako upime hivi. Kwa kila shamba, chota udongo wa kina cha sentimita 5 hadi 20 kuzunguka miche 5 inayoumwa. Osha jembe kabla ya kuhamia shamba jingine, la sivyo utapima mchanganyiko. Gawa udongo mara mbili. Nusu uloweshe kidogo, uufunike kwenye sufuria na kuuacha motoni saa nzima tangu mvuke uanze kutoka, kisha upoe. Jaza makopo 3 ya udongo mbichi na 3 ya uliochemshwa, yote yametobolewa chini. Panda mbegu 10 kila kopo, aina moja kwa makopo yote, isiyopakwa dawa. Mara ya kwanza nilitumia mbegu iliyopakwa dawa, makopo yote yakaota vizuri, nikapoteza mwezi mzima.

Hesabu zilizoota siku ya 7, kisha miche iliyokufa hadi siku ya 28. Tofauti kati ya mbichi na uliochemshwa kwa kawaida ndiyo kazi ya fangasi, ingawa mvuke huua minyoo na vimelea wengine pia. Ikiwa yote mawili ni mabaya, shuku mbegu yenyewe.

Kama dalili ni za Makrofomina, usikimbilie mtama kubadilisha zao. Anaushambulia mtama, na mahindi, na choroko pia. Nilikuwa tayari nimeandaa mbegu ya mtama, nikaiacha.

Mizizi iliyobaki ifunge kwa gazeti, si kwa nailoni, maana itatoa jasho na kuozeshwa na vimelea vingine. Andika jina la shamba na tarehe juu ya kila fungu, uwapelekee watafiti wa pamba Ukiriguru.