Jadili daraja kabla ya mshahara

Ukiitwa na kampuni kubwa ya uhasibu Kampala, iwe PwC, Deloitte, KPMG au EY, usikimbilie shilingi. Uliza daraja kwanza, yaani ngazi ya cheo utakayoanzia, maana mshahara hufuata daraja. Mwenye CPA kamili (sifa ya uhasibu ya kitaaluma) ya ICPAU, taasisi ya wahasibu ya Uganda, na miaka mitatu ya ukaguzi wa hesabu akikubali kuingia ngazi ya chini kabisa, nyongeza ya mwaka haitamfidia. Atangoja hadi msimu wa kupandishwa vyeo. Nenda na ushahidi: kaguzi ulizoongoza, ukubwa wa timu, aina ya wateja.

Kisha piga hesabu ya kinachobaki mkononi, maana hapa ndipo wengi huumia. Kwa viwango vya 2024, mshahara wa shilingi 3,000,000 hukatwa PAYE (kodi ya mshahara) 802,000 na NSSF (akiba ya hifadhi ya jamii) 150,000. Unabaki na 2,048,000. Hakikisha asilimia 10 ya NSSF ya mwajiri inaongezwa juu ya mshahara, haijahesabiwa ndani yake. Taja kiasi kimoja, cha kabla ya makato, halafu nyamaza usubiri jibu.

Ada za mitihani na likizo ya kusoma ziandikwe kwenye barua ya ajira kabla hujaacha kazi uliyonayo.