Namna ya kuandika wasifu wa balerina wa Urusi wa karne ya 19

Anza na mshahara; mapenzi yatafuata. Wasifu mwingi wa wachezaji hawa hufunguliwa kwa maua, mtoto wa mfalme na vilio vya mashabiki, kisha hukwama ukurasa wa tatu, kwa kuwa mambo hayo yameshasimuliwa mara mia na hayana tarehe. Mchezaji wa Petersburg au Moscow alikuwa mtumishi wa serikali. Alisomeshwa kwa fedha ya Tsar, akaajiriwa na Kurugenzi ya Majumba ya Maonyesho ya Kifalme, akapanda daraja, akatozwa faini, akaomba likizo, akastaafu kwa pensheni. Kila hatua ina karatasi yake. Zipange karatasi hizo kwanza, ndipo maua nayo yapate pa kukaa.

Hakikisha ni yeye

Jina ndilo mtego wa mwanzo. Wachezaji wawili wakiwa na jina moja la ukoo, orodha za kundi ziliwatofautisha kwa nambari. Kshesinskaya wa 1 ni Yulia, dada mkubwa. Kshesinskaya wa 2 ni Mathilde, ambaye ndiye anayejulikana duniani kote. Nambari haikupima ubora, kwa hiyo ukiona tangazo lenye jina tupu lisilo na nambari usikimbilie kumpa aliye maarufu.

Mfano mgumu zaidi ni Maria Petipa, kwa sababu wako wawili. Mama, Maria Surovshchikova-Petipa (1836–1882), alikuwa mke wa kwanza wa mtunzi wa dansi Marius Petipa na aliliacha jukwaa la Petersburg mwaka 1869. Binti yao (1857–1930) alianza kucheza 1875, na ndiye aliyekuwa Kichimbakazi wa Lilaki katika onyesho la kwanza la Mrembo Aliyelala mwaka 1890. Hapo una kipimo cha haraka: sifa iliyoandikwa kabla ya 1869 ni ya mama, ya baada ya 1875 ni ya binti. Picha za hawa wawili hubadilishwa kila mara, hata kwenye vitabu vya heshima.

Jina la baba nalo likaguliwe. Anna Pavlova huandikwa Matveyevna mahali pengine na Pavlovna kwingine. Yaandike yote mawili kwenye daftari lako, maana ukitafuta kwa moja tu utapitwa na nusu ya nyaraka. Fanya hivyo hivyo kwa tahajia za Kilatini: Kschessinska, Kshesinskaya na Krzesińska ni mtu mmoja.

Tarehe mbili kwa kila tukio

Urusi ilitumia kalenda ya Juliasi hadi mwaka 1918, ambapo siku iliyofuata tarehe 31 Januari ilihesabiwa kuwa 14 Februari. Ili kupata tarehe ya kalenda ya Gregori, ongeza siku 11 kwa tukio la karne ya 18, siku 12 kwa karne ya 19, na siku 13 kuanzia 29 Februari 1900 ya Kirusi. Mchezaji wa Petersburg Avdotia Istomina alizaliwa 6 Januari 1799, kwa hiyo kwetu ni tarehe 17. Baleti ya La Bayadère ilionyeshwa mara ya kwanza 23 Januari 1877, yaani 4 Februari. Kosa la kawaida ni kuongeza 13 kila mahali kwa mazoea ya karne ya 20. Kosa baya zaidi ni kubadilisha tarehe ambayo mwandishi mwingine alishaibadilisha, na hapo mtu wa karne ya 19 huzaliwa siku 12 nje ya siku yake. Andika zote mbili, ya Kirusi kwanza, na usifute ya asili hata kama inakuchosha.

Kwaresima inasaidia kukagua. Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo majumba ya kifalme yalifungwa wakati wa Kwaresima Kuu, kwa hiyo "onyesho" la Petersburg linaloangukia majuma hayo linastahili kutiliwa shaka. Hesabu Pasaka kwa kalenda ya Juliasi, si ya Roma.

Kuna pia mtego wa mahali. "Bolshoi" maana yake ni kubwa tu, na miji yote miwili ilikuwa na jumba la jina hilo. Baleti ya Petersburg ilichezwa katika Bolshoi ya huko hadi 1886, ndipo ikahamia jumba la Mariinsky mjini humo humo. Bolshoi ya Moscow, iliyofunguliwa 1825, iliungua 1853 na ikafunguliwa tena 1856. Ekaterina Vazem, balerina wa Petersburg, alicheza La Bayadère Bolshoi, na hakutoka Petersburg kufanya hivyo. Gazeti likisema Bolshoi bila mji, tazama gazeti lenyewe limechapishwa wapi.

Faili la utumishi

Kwa wachezaji wa Petersburg, nenda kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria ya Taifa la Urusi (RGIA) mjini humo, fungu nambari 497, lenye nyaraka za Kurugenzi. Kwa Moscow, nyaraka za ofisi ya majumba ya kifalme ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Fasihi na Sanaa ya Taifa la Urusi (RGALI), fungu 659. Mara nyingi faili la mtu huwa na cheti cha ubatizo, ombi la kuingia shule, amri za kupandishwa, ruhusa za kusafiri, adhabu na hesabu ya pensheni. Nakili nambari tatu kila unapofungua faili: fungu, orodha, faili. Bila zote tatu hutalipata tena, wala msomaji wako hataweza kukukagua. Geuza na mgongo wa kila karatasi, kwa kuwa makarani walipenda kuandika uamuzi pembeni au nyuma, na uamuzi ndio unaoutaka, si ombi.

Soma tarehe ya kustaafu kwa uangalifu. Mchezaji wa baleti alistahili pensheni baada ya miaka 20 ya utumishi, na miaka hiyo ilihesabiwa tangu alipotimiza umri wa 16, hata kama bado yuko shuleni. Mtazame Ekaterina Vazem: alizaliwa Januari 1848, akaingia rasmi kwenye kundi 1867, akaaga 1884. Ukihesabu tangu 1867 unapata miaka 17, na waandishi wasiojua kanuni hubuni jeraha au ugomvi ili kueleza "kuondoka mapema". Ukihesabu tangu alipofikisha 16, mwaka 1864, miaka 20 inatimia barabara. Wengi waliondoka wakiwa na umri wa miaka 36 hivi kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna msiba wowote ndani yake.

Kwa waliocheza mwanzoni mwa karne, huenda Kurugenzi isiwe mahali pa kuanzia. Baadhi walikuwa watwana wa mabwana wakubwa. Tatiana Shlykova (1773–1863), mtwana wa ukoo wa Sheremetev, alipewa jina la jukwaani Granatova kutokana na jiwe la thamani. Mtu wa namna hiyo mtafute kwenye nyaraka za mali ya bwana wake, kwa kuwa yeye mwenyewe alihesabiwa ndani ya mali hiyo.

Daraja si sifa

Neno balerina lilikuwa cheo. Chini kabisa walikuwa wachezaji wa kundi, juu yao makorifei waliosimama mstari wa mbele, kisha wasolo wa daraja la pili na la kwanza, na kileleni balerina. Ukimwita kila mwanamke aliyevaa viatu vya hariri "balerina" umempandisha cheo ambacho Kurugenzi haikumpa. Mwishoni mwa karne, cheo cha prima balerina asoluta, cha juu kuliko vyote, walikuwa nacho wawili tu: Pierina Legnani na Mathilde Kschessinska. Legnani ni Mwitaliano, na kwa ujumla usidhani kwamba nyota wa jukwaa la Urusi alikuwa Mrusi: Carlotta Brianza, Antonietta Dell'Era na Virginia Zucchi wote walitoka Italia.

Fedha

Kabla ya mageuzi yaliyoanza mwaka 1839 kulikuwa na rubli za karatasi na rubli za fedha, na thamani zake hazikulingana. Kiwango kilichowekwa ni rubli 3.50 za karatasi kwa rubli 1 ya fedha. Mshahara wa 3,500 za karatasi ni 1,000 za fedha tu. Mtu asiyetazama aina ya rubli atasema kwamba mchezaji wa miaka ya 1830 alilipwa vizuri kuliko mwenzake wa miaka ya 1850, kumbe mambo yalikuwa kinyume.

Usiishie kwenye mshahara wa mwaka. Jumlisha malipo ya kila onyesho, kisha benefiti, yaani usiku ambao mapato ya mlangoni yalimwendea mchezaji, yote au nusu. Mkataba hueleza ni benefiti nzima au nusu, na hapo ndipo utakapoona Kurugenzi ilimthamini kwa kiasi gani.

Magazeti

Tahajia ya kabla ya 1918 itakuchelewesha. Maneno mengi yalimalizikia kwa herufi ъ ambayo sasa haiandikwi mwishoni mwa neno: балетъ, театръ. Majina nayo hubadilika kufuata sarufi, kwa hiyo Соколова (Sokolova) atatokea kama Соколовой au Соколову. Tafuta kwa shina, Соколов, kisha ondoa wanaume kwa kuangalia kifupi г-ж mbele ya jina, ambacho ni alama ya bibi.

Kisha uliza mhakiki ni nani. Sergei Khudekov, mwenye Peterburgskaya Gazeta, ndiye pia aliyeshiriki kuandika kisa cha La Bayadère. Sifa ya onyesho hilo katika gazeti lake ni sawa na muuza maembe kuyasifu maembe yake. Isome, lakini itafutie mwenzake. Miaka ya 1860 hali ilikuwa kali zaidi, watazamaji wakiwa wamegawanyika kati ya wapenzi wa Marfa Muravieva na wapenzi wa Surovshchikova-Petipa. Usichukue neno la upande mmoja peke yake. Kinachoaminika zaidi katika uhakiki wa aina hii ni yale ambayo mwandishi hakuyakusudia: dansi ipi ilirudiwa, nani alicheza badala ya nani, pazia lilifungwa saa ngapi.

Kuanzia msimu wa 1890/91 Kurugenzi ilitoa kitabu cha mwaka chenye orodha za maonyesho na wachezaji. Kwa miaka hiyo kianze hicho kabla ya gazeti.

Alicheza nini hasa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mkusanyiko wa Sergeyev, uliopo Chuo Kikuu cha Harvard, una dansi nyingi za Petersburg zilizoandikwa kwa alama za Vladimir Stepanov. Lakini Stepanov alichapisha mfumo wake 1892. Mchezaji aliyestaafu 1884 hayumo humo. Aliyemo ni mrithi wake, na Petipa alizoea kubadilisha hatua za solo zimfae mchezaji mpya. La Bayadère ilitayarishwa upya mwaka 1900, Kschessinska akicheza nafasi kuu, kwa hiyo usizitumie alama hizo kueleza miguu ya Vazem ya 1877. Kwa Vazem, tegemea muziki, kisa kilichochapishwa, uhakiki na maneno yake mwenyewe.

Njia nyingine ni kufuata walimu. Kschessinska alipita kwa Lev Ivanov, Vazem, Christian Johansson kutoka Sweden na Enrico Cecchetti kutoka Italia. Mlolongo huo hueleza ufundi wake kuliko sifa kumi za magazeti.

Picha za studio zionyeshe vazi na zisithibitishe ufundi. Kamera ilihitaji mtu atulie, hivyo mkao uliopigwa ni ule uliowezekana kushikiliwa.

Kumbukumbu na hadithi

Pima umbali kati ya tukio na kalamu. Kumbukumbu za Kschessinska zilitoka Paris mwaka 1960, naye akieleza mambo ya 1890. Shajara ya Tsar Nicholas wa Pili, wakati huo akiwa mrithi wa kiti, iliandikwa siku kwa siku. Vinapogongana juu ya tarehe, fuata shajara. Juu ya kile mwanamke alichotaka dunia iamini, mfuate yeye.

Hadithi tamu zitafutie chapisho la kwanza. Kwamba mabwana wa Petersburg walipika viatu vya Marie Taglioni, mchezaji maarufu kutoka nje, wakavila kwa mchuzi, hilo linasimuliwa kila mahali. Yeye alikuwa huko kati ya 1837 na 1842. Orodhesha vitabu vinavyolitaja kwa mwaka wa kuchapishwa, na kama cha zamani zaidi ni cha miaka mingi baadaye, liandike kama uvumi na mwaka ulipoanza kuonekana. Kwa upande mwingine, pambano la bastola la 1817 lililotokana na Istomina, ambapo mpenzi wake Vasily Sheremetev aliuawa na Zavadovsky, lina jina la marehemu, mwaka na mashahidi, kwa hiyo liingie kwenye matini bila kuomba radhi. Liweke katika aya moja tu, kwa kuwa Istomina aliendelea kucheza hadi 1836, na miaka hiyo 19 inahitaji kurasa zake.