Mtoto mchanga ana tatizo la mshipa wa moyo? Jiandaeni hivi mkiwa Mbeya

Mtoto akinyonya anatoka jasho kichwani, anaachia ziwa kila mara ili aheme, uzito haupandi, usiseme ni baridi ya Uyole tu, mpeleke akapimwe moyo kwa eko, yaani ultrasound ya moyo. Tatizo moja linalotokea sana ni ule mshipa unaounganisha aota (mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni) na mshipa wa mapafu, unatakiwa ujifunge wenyewe siku chache baada ya kuzaliwa, usipojifunga damu inajaa mapafuni. Madaktari wanaufunga kwa uzi au klipu kupitia ubavu wa kushoto, au wanaingiza kiplagi kidogo cha kuuziba kupitia mshipa wa paja, kwa njia hii kifua hakipasuliwi.

Ombeni rufaa Hospitali ya Kanda Mbeya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar, na mambo ya bima yamalizeni kabla. Akiwa na midomo ya bluu asipande basi kabisa, ombeni ambulansi. Dawa zake bebeni mkononi sio kwenye buti, mpeni kwa saa ileile hata mkiwa njiani mlima Kitonga. Kabla ya nusu kaputi maziwa ya mama yanasimamishwa kama masaa 4, atalia sana jamani, ila msimnyonyeshe kwa huruma, akitapika yanaingia mapafuni.